Mwalimu wa Udereva na Titi la Kushoto

Kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kiti cha pembeni, pedali yake ya breki chini ya mguu, akawafundisha watu wazima jinsi ya kutouana barabarani. Wanafunzi walimwita Klachi, kwa sababu neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mumewe. Aliwahi kukaa kando ya muuza nyama aliyefumba macho kila lori lilipopita. Aliwahi kukaa kando ya bibi mmoja aliyewasalimia watu njia nzima, na ambaye aliuachia usukani kila alipotaka kupunga mkono. Hakuwahi kupandisha sauti. "Klachi," angesema, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na gari lingesimama.

Mtu wa namna hiyo alipopata mimba ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minne, kila aliyemjua alikubali kwamba malezi kwake yatakuwa mteremko. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Alinunua kitabu chenye picha ya mama anayetabasamu huku akinyonyesha, akakisoma kama alivyosoma sheria za barabarani, akapigia mstari mambo ya muhimu. Kitabu kilisema maziwa huja yenyewe. Hakikusema yakikataa kuja mtu aende kushtaki wapi.

Alijifungua binti baada ya uchungu wa siku nzima, akapoteza damu nyingi hadi ikabidi aongezewe ya watu wengine. Siku ya pili maziwa hayakuja. Siku ya tatu yalituma salamu. Siku ya tano yakafika, ila upande wa kulia tu ndio uliotoa kiasi cha kueleweka. Titi la kushoto lilitoa matone machache kwa shingo upande, kama karani aliyebakiza mwezi mmoja kustaafu.

Mama mkwe alikuwa ameshafika na begi lake kubwa, kuja kusaidia. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na hapo ndipo penye shida, maana mtu mbaya unaweza kumfukuza.

"Mimi nimenyonyesha watoto watano," alisema, akivuta kiti. "Huyu mumeo alikuwa anamaliza yote mawili, halafu analia kutafuta la tatu."

Akanyoosha mkono akayabonyeza matiti ya mkwewe, la kulia kisha la kushoto, kama anayechagua maparachichi sokoni. Akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna kitu, mwanangu."

"Asante, mama," Klachi alisema.

Kuanzia siku hiyo supu ilianza kuingia chumbani. Supu asubuhi, supu mchana, supu kabla jua halijazama, bakuli moja likitoka jingine likiingia. Alikunywa yote kwa heshima. Supu ilikwenda ilikotaka kwenda, naye alipata safari nyingi za chooni, lakini titi la kushoto halikuonyesha dalili ya kupata habari. Jirani wa mkono wa kulia akasema tatizo ni kunywa maji baridi. Jirani wa mkono wa kushoto akasema tatizo ni kunywa maji moto. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akiishi mbali, alipiga simu kueleza kwamba wasiwasi ndio unaokausha maziwa, kwa hiyo asiwe na wasiwasi hata kidogo. Baada ya hapo akawa anapiga mara tatu kwa siku kuuliza kama wasiwasi umeshaanza.

Wahenga wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mumewe alikuwa kinyozi, na kila siku alirudi nyumbani na za wateja wake.

"Kuna mtu amesema ule karanga," alimwambia jioni moja, akivua viatu mlangoni.

"Mtu gani?"

"Yule fundi wa matairi. Anasema karanga mbichi, asubuhi, kabla hujaongea na mtu."

"Yeye amenyonyesha wangapi?"

Mumewe alifikiri kidogo. Alikuwa mtu mkweli. "Hajaoa," alisema.

Alikula karanga. Utacheka, lakini ukiwa na mtoto anayelia mapajani na titi ambalo halitoi, na fundi wa matairi naye ni profesa. Alikula karanga mbichi bila kuongea na mtu, na mtoto akaendelea kulia, maana yeye hakuwa ameambiwa anyamaze.

Mama mkwe ndiye aliyepata dawa. Siku moja, Klachi akiwa anaoga, mtoto alilia sana. Mama mkwe alichukua kijiko, akakoroga maji na sukari, akampa mjukuu wake vijiko vitano. Mtoto alilala saa nne mfululizo. Nyumba nzima ikafurahi. Kesho yake akapewa tena, na keshokutwa, na kila alipolala wote walitembea kwa vidole wakipongezana kwa ishara. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto aliyejaa maji hana haja na titi, na titi lisilonyonywa hudhani kazi imekwisha. Hata lile la kulia, lililokuwa likijikaza peke yake, likaanza kulegea.

Wiki ya tatu walikwenda kliniki, wote watatu: mtoto, mama, na mama mkwe aliyebeba kibegi cha nepi na maoni yake yote. Mizani haijui kubembeleza. Ilisema mtoto ana uzito pungufu kuliko siku aliyozaliwa. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani, alimpima tena kuhakikisha, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Anakojoa mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Mara tatu. Nne, akijitahidi."

"Mnyonyeshe hapa nimwone."

Klachi alifungua vifungo. Alikuwa amezoea. Katika majuma matatu, kifua chake kilikuwa kimetazamwa na watu wengi kuliko kibao cha matangazo cha ofisini. Muuguzi alisogea, akainama, na akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu mtoto azaliwe. Kila mtu alikuwa ametazama titi. Yeye alitazama mdomo.

"Ameshika chuchu tu," alisema. "Ndiyo maana inakuuma na yeye hapati. Usimpelekee titi. Mlete yeye." Akamgeuza mtoto tumbo lielekee tumbo, akangoja mdomo ufunguke sana, akamvuta karibu. Mtoto alivuta, akavuta, kisha ikasikika sauti ndogo kooni. Ikasikika tena.

"Hiyo ni nini?" Klachi aliuliza.

"Anameza."

Alikuwa na mtoto wa siku ishirini na moja, na ndiyo mara ya kwanza kusikia akimeza. Aligeuza uso ukutani, ambako kulikuwa na bango la mama anayetabasamu, yuleyule wa kwenye kitabu au dada yake. Klachi hakutabasamu. Alilia kimyakimya, akimtazama mwanamke yule wa karatasi kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha mwanafunzi yeyote, hata yule aliyeigonga nguzo ya taa mara mbili.

Muuguzi alimwacha alie. Kisha akamweleza taratibu. Damu nyingi iliyopotea huweza kuchelewesha maziwa. Titi moja kutoa kidogo kuliko jingine ni jambo la kawaida, lisimtie aibu. Aanze na la kushoto wakati mtoto ana njaa, amalizie la kulia, kila baada ya saa mbili, na akilala sana amwamshe. Akishiba, akamue kilichobaki, maana mwili hutengeneza kile kinachotolewa. Na kwa kuwa uzito ulikuwa umeshuka, aongezewe maziwa ya kopo kidogo kwa kikombe, baada ya kunyonya, mpaka apande.

"Na asipewe kitu kingine," muuguzi alimaliza. "Maji mmempa?"

Mama mkwe alikuwa akichunguza dari.

"Maji kidogo tu," alisema hatimaye. "Ya kusafishia koo."

"Koo lake ni jipya, mama. Halijachafuka."

Mama mkwe alinuna siku mbili, na nyumba ikapata utulivu ambao hakuna daktari angeweza kuuandika. Siku ya tatu alitoka kibarazani akawaeleza majirani kwamba muuguzi wa kliniki, msomi kabisa, amethibitisha yote aliyokuwa akiyasema yeye tangu mwanzo, hasa habari ya kunyonyesha mara kwa mara. Majirani walimsifu. Klachi alisikia kupitia dirishani akaamua kumwachia, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Na kazi ilikuwa kazi. Kushoto, kulia, kikombe, kukamua, nepi. Akinyoosha mgongo saa mbili zimekwisha, kushoto tena. Mumewe alijifunza kumpa mtoto kikombe bila kummwagia shingoni, akaacha kuleta mawaidha ya wateja, au angalau akawa anayaacha mlangoni pamoja na viatu. Uzito ulianza kupanda. Nepi zikafika sita kwa siku, na mama mkwe alizianika kwenye kamba moja mbele ya nyumba, kwa safu, ili mpita njia ahesabu mwenyewe. Kikombe cha kopo kilipungua kutoka mara sita hadi mara mbili. Titi la kushoto nalo likaamka kiasi. Halikuwa na juhudi, lakini lilikuwa likihudhuria.

Mambo yalipoanza kunyooka hivyo, likizo ikaisha.

Shule ya udereva ilikuwa na magari manne, moja likiwa gereji siku zote, na mwenye shule alijiita Mkurugenzi. Klachi alimfuata ofisini siku ya kwanza, akamweleza bila kuzunguka kwamba ananyonyesha, maziwa ni ya kubahatisha, na anahitaji kukamua kila baada ya saa mbili au tatu, yasipotolewa yatakauka.

"Sisi hapa ni familia," Mkurugenzi alisema, akiweka mkono kifuani. "Jisikie nyumbani."

Familia ikampa stoo. Ilikuwa na matairi yaliyokwisha meno, makopo ya rangi, na vibao vya mazoezi vilivyovunjwa na vizazi vya wanafunzi. Mlango haukuwa na komeo. Alikalia tairi, mgongo akiuegemeza mlangoni, akakamua kwa mkono huku akitazamana na kibao cha SIMAMA kilichopinda katikati. Maziwa yalikitii kibao. Kwa dakika ishirini alipata vijiko vitatu vya chai, na katika dakika hizo watu wawili waligonga kutafuta jeki na mmoja alisukuma mlango bila kugonga, akaomba radhi, kisha akauliza jeki iko wapi.

Baada ya wiki mbili vijiko vitatu vilikuwa viwili. Nyumbani mtoto alianza kuvuta na kuachia, kuvuta na kulia. Kikombe kikarudi mara nne, mara tano. Mama mkwe hakusema kitu. Alipasha supu tu.

Mwanafunzi wake wa saa nne asubuhi wakati huo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa miaka sitini na saba aliyeachiwa gari na mwanawe aliyehamia ng'ambo. Alikuja amevaa tai. Aliendesha kama anavyotembea mtu aliyebeba trei ya mayai, na hakuna amri aliyoifuata kabla ya kusahihisha lugha yake.

"Hapo mbele kata kona," Klachi angesema.

"Kona haikatwi, mwalimu. Tunapinda."

"Basi pinda, mzee wangu, kabla haijatupita."

Siku moja walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu. Mwanamke alipita mbele ya gari amebeba mtoto anayelia, kilio kile chembamba cha mtoto mchanga. Klachi alihisi kifua kinawaka, kisha umajimaji. Alipotazama chini, blauzi yake ya kazi ilikuwa imelowa upande wa kulia, duara linapanuka. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa stoo, juu ya tairi, akibembeleza vijiko viwili. Sasa maziwa yalikuwa yakimwagika bure, kwa ajili ya mtoto wa watu asiyemjua hata jina.

Alianza kucheka. Kicheko kikageuka njiani. Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na mzee akazima gari kwa bahati mbaya, kama kawaida yake.

"Mwalimu," alisema, akitazama mbele kwa adabu. "Kuna tatizo?"

Alimweleza. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu mzee alikuwa mtu pekee mwezi ule ambaye hakuwa ametoa ushauri. Alimweleza stoo, vijiko, kikombe, mizani. Magari yalikuwa yakiwapita pande zote mbili, mengine yakiwatukana.

"Nyumbani kwako ni mbali?" mzee aliuliza.

"Dakika nane. Kwa uendeshaji wako, kumi na tano."

"Nielekeze."

Walipokaribia, mzee alisema, bado macho barabarani, "Mimi nina watoto wanne. Wote walinyonya. Walinyonyaje, marehemu mke wangu alihangaika kiasi gani, sijui. Nilikuwa shuleni. Sikuwahi kuuliza." Akaminya klachi bila kuambiwa. "Nipinde hapa?"

"Pinda."

Alimfundisha kuegesha pale pale, kando ya barabara, mbele ya geti lake. Majaribio sita. Kisha akamwambia azime gari, asome alama za barabarani kwenye kitabu, akaingia ndani. Mtoto alinyonya pande zote mbili kwa dakika ishirini. Dakika hizo Klachi alimrudishia mzee mwishoni mwa somo, akaukosa mlo wa mchana, na hakujuta.

Kuanzia hapo ikawa mtaala. Mwanafunzi wa saa mbili alijifunza kuegesha mbele ya geti lile. Wa saa nne pia. Muuza vitambaa wa saa saba aliambiwa kwamba kuegesha ndiko moyo wa udereva, na akaamini. Barabara ilikuwa pana na tulivu, haikuwa mbali na kiwanja cha mazoezi, na Klachi alitimiza saa za kila mtu bila kumpunja hata mmoja. Lakini ukweli ni kwamba mwezi ule shule ilikuwa na wanafunzi sita waliojua njia moja tu duniani.

Na walimu wakawa wawili. Mama mkwe, aliyekuwa akibaki na mjukuu, hakuweza kukaa ndani huku watu wakirudi nyuma vibaya mbele ya macho yake. Alitoka na mtoto begani, akasimama getini.

"Zungusha! Huku, baba, huku. Utagonga ua langu."

"Mama, wewe unajua kuendesha?" muuza vitambaa alimuuliza.

"Sijui. Lakini naona."

Maziwa yalirudi. Hayakurudi kwa mbwembwe. Yalirudi kama mtu aliyesusa, anayesogea mezani kidogo kidogo akijifanya hana njaa. Baada ya siku kumi mtoto alikuwa anaachia titi mwenyewe, amelegea, mikono imefunguka. Kikombe kikashuka tena hadi mara mbili.

Ingeendelea hivyo kama si nepi. Mama mkwe alifua asubuhi moja kamba ikamjaa. Gari la shule lilikuwa limeegeshwa getini, boneti bado moto, mwalimu mkuu mstaafu ndani yake anasoma habari za mizunguko ya barabarani. Mama mkwe aliona ni dhambi joto lile lipotee. Akatandaza nepi nne kwenye boneti, na moja akaitundika kwenye kioo cha pembeni. Mzee alifungua dirisha, akashauri kwamba zikunjuliwe vizuri, akaendelea kusoma. Wakati huohuo Mkurugenzi alipita na gari lake akielekea gereji.

Alisimama. Alishuka. Alilizunguka gari lake la mafunzo mara moja, pole pole, kama anayekagua ajali.

"Wewe ni nani?" alimuuliza mzee.

"Mwanafunzi."

"Unafanya nini hapa?"

"Najifunza."

"Mwalimu wako yuko wapi?"

"Ananyonyesha," mzee alisema, kwa sauti ile aliyoitumia miaka arobaini kuwajibu wakaguzi. "Amebakiza dakika nane. Unaweza kusubiri au uniulize mimi alama za barabarani. Niko ukurasa wa thelathini na moja."

Klachi aliitwa ofisini mchana huohuo. Mkurugenzi hakuweka mkono kifuani. Alisema neno nidhamu mara saba na neno familia mara mbili. Alisema gari la shule si kamba ya kuanikia. Klachi alikubali kuhusu nepi, maana hapo hakuwa na utetezi. Kuhusu mengine alisema maneno machache: kila mwanafunzi amepata saa zake kamili, na stoo haina komeo.

"Mtihani ni Ijumaa," Mkurugenzi alisema. "Wakifeli, tutaachana kwa amani."

Ijumaa watu sita waliingia kwenye mtihani. Mtahini alikuwa mtu mnene asiyezungumza, na katika shule ile alikuwa maarufu kwa kuwafelisha watu kwenye kuegesha. Miaka yote wanafunzi wa Mkurugenzi walianguka hapo kama maembe yaliyoiva. Safari hii wote sita waliegesha kwa mkupuo mmoja, bila kugusa alama, huku wakitazama bega la kushoto kana kwamba kuna bibi amesimama pale anawafokea. Watano wakapata leseni. Mwalimu mkuu mstaafu alifeli. Alifika kwenye mzunguko, ambao aliusoma mara nyingi lakini walikuwa hawajawahi kukutana ana kwa ana, akauzunguka mara nne akisubiri mtu amwambie atoke wapi.

Mkurugenzi alikaa na matokeo yale siku mbili. Siku ya tatu mafundi wawili walifika mbele ya geti la Klachi, wakachora mistari myeupe barabarani, wakapanga koni, na wakasimika kibao kilichoandikwa kwamba shule hii ndiyo pekee yenye Kituo Maalumu cha Mafunzo ya Kuegesha. Somo zima la kuegesha, kwa magari yote matatu yanayotembea, likakabidhiwa kwa Klachi, kituoni, kila siku. Mkurugenzi alieleza kwenye kikao kwamba alikuwa na wazo hilo kwa muda mrefu. Wafanyakazi walimpigia makofi. Klachi alipiga makofi pia, kwa mkono mmoja juu ya paja, kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika mtoto. Kikao kilikuwa kinafanyika kibarazani kwake.

Mzee alirudia mtihani mwezi uliofuata. Klachi alimpeleka kwenye mzunguko kila siku kwa wiki mbili, kabla ya saa ya kunyonyesha, na mzee akafaulu.

Sasa usije ukadhani titi la kushoto lilitubu. Halikutubu. Lilibaki vilevile, mchango wake ukiwa theluthi ya mwenzake, na siku ambazo Klachi alichoka au kuumwa lilirudi kwenye matone. Alikula, akalala alipoweza, akanyonyesha kwa saa, akakamua, akafanya yote aliyoambiwa na mtu anayejua na mengi aliyoambiwa na wasiojua. Mwisho wa yote, kikombe cha kopo kilibaki mara moja kwa siku, jioni. Kwa muda mrefu kikombe kile kimoja kilimuuma kuliko vyote. Alikuwa akikikoroga ameupa mlango mgongo, ili mama mkwe asione, na mama mkwe alikuwa akiona, na wote wawili walikuwa wakijifanya hawaoni.

Mpaka siku moja mama mkwe alimnyang'anya kijiko.

"Unaweka mabonge," alisema, akaanza kukoroga mwenyewe. "Wa tatu wangu, shangazi yake huyu, ndivyo nilivyomlea. Yangu yalikata mwezi wa pili."

"Mama. Ulisema umenyonyesha watano."

"Nimenyonyesha watano. Sikusema wote mpaka lini." Aliangalia ndani ya kikombe, akaridhika. "Mama mkwe wangu alikuwa ananibonyeza kila asubuhi."

Klachi alichukua kikombe, akasema asante, na safari hii alimaanisha.

Binti alipofikisha miezi sita walikwenda kliniki kupima, yeye na mtoto tu. Benchi lilijaa. Kando yake alikaa mama kijana mwenye kichanga cha wiki chache, amekipakata kwa namna anayoshika mtu kitu cha kuazima. Alimtazama binti wa Klachi, aliyekuwa na mikunjo mitatu kila paja na anajaribu kula kamba ya kadi ya kliniki.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una maziwa ya kutosha?"

Wanawake wawili upande wa pili waliacha kuzungumza ili wasikie. Klachi aliitoa kamba mdomoni mwa binti, binti akairudisha.

"Hapana," Klachi alisema. "Sijawahi kuwa nayo ya kutosha."

Mama kijana alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akarudi kwake.

"Sasa huyu...?"

"Ananyonya, halafu anaongezewa jioni. Wa kwako anakojoa mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Hesabu. Na huyu muuguzi mwenye saa kifuani, mwombe amtazame mdomo. Wengine wote watakutazama wewe." Muuguzi alikuwa amefungua mlango, anaita anayefuata. "Nenda wewe kwanza," Klachi alimwambia. "Mimi nimekuja kupima tu."